Babu Uzi na Tangi Lenye Njaa

Babu yetu, fundi bomba ambaye mtaa mzima ulimwita Uzi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili wa mshona magunia. Shule alimaliza ya msingi tu. Ufundi alijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu bomba za mama yake, na viboko alivila sawasawa.

Jina la Uzi lilitokana na kazi. Ukifunga bomba kwenye tangi, kiungio lazima kitokee ndani, na mafundi wengi huingia humo. Yeye hakuingia. Alitoboa tundu kwa nje, akasukuma uzi wa kuvulia wenye kizibo, akauvua kutoka juu kwa waya uliopinda, kisha akakitelezesha kiungio kwenye uzi hadi kichungulie tunduni. Hapo anakaza nati, basi! Na kila mara, kabla ya kuanza, aligonga tangi na kuliuliza, "Umeshiba au una njaa?" Likiwa tupu alisema lina njaa, halifai kuingiwa. Sisi tulicheka mpaka mbavu ziume. Bibi hakucheka.

Hata Bibi, Babu alimpata kazini, mwaka 1983. Tangi la kwao Bibi lilivuja, na Babu akakata washa, kile kipete cha mpira cha kuzuia maji, kwenye kandambili ya binti wa nyumba.

"We fundi, umenikatia kandambili yangu!"

"Lete na ya pili, nikuoe kabisa."

Akaleta.

Mwaka jana macho ya Babu yakaingia ukungu. Uzi ukawa unampita. Bibi akamwambia, "Baba watoto, huuoni tena. Acha."

"Nitauhisi kwa vidole," akajibu.

Tarehe 14 Juni mwaka huu aliitwa na mwoka mikate, ana tangi la chuma lililofungwa kifuniko miaka mingi. Mwoka mikate anasema Babu aligonga, akauliza swali lake, tangi likavuma vibaya. Akavua uzi, ukamponyoka. Akavua tena na tena. Mwisho akauweka chini, akavua viatu, akaingia.

"Mzee, umeupata?"

"Lina njaa kweli hili," akasema, akicheka. Halafu kimya.

Bibi ndiyo kwanza anafika na chakula cha mchana. Akamkuta mwoka mikate ameshaingiza mguu mmoja, akamvuta kwa mkanda mpaka wakaanguka wote. "Usiingie! Unataka limeze wawili?"

Waliomtoa walivaa mitungi ya hewa. Daktari alieleza kwamba kutu ilikuwa imekula hewa yote mle ndani. Bibi akamwambia, "Alijua, daktari. Siku zote alijua."

Tangi la nyumbani amekataza lipungue. Kila jioni analigonga, anasikiliza, ndipo anakwenda kulala.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, na mwoka mikate aliye hai, yule pale nyuma.

Lala salama, Babu Uzi, mahali penye hewa tele.