Bathsheba Nyanchera, na Dereva Niliyemtetea

Leo Alhamisi, tarehe 21 Agosti 1975, tunamzika Bathsheba Nyanchera, mke wa Makori. Maneno haya yameandikwa na ndugu yake mkubwa, Manasseh Nyangau, mzee wa kanisa, naye ndiye anayeyasoma. Familia ilimwomba aandike kwa upole. Ameshindwa.

Marehemu alizaliwa Marani mwaka 1934, mtoto wa nne wa Mzee Nyangau na Mama Kwamboka. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Siku moja alikuja mkaguzi, na mwalimu akawaagiza watoto waseme wote wamekula asubuhi. Darasa zima likaitikia ndiyo. Bathsheba akanyoosha mkono: "Mimi sijakula, bwana, na huyu pia." Alichapwa viboko vitatu, na hadi mwaka huu alikuwa akivisimulia kwa kicheko.

Mwaka 1953 aliolewa na Makori, upande wa Nyamira, wakajaliwa watoto wanne. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kijijini kwao kupanda chai, mwaka 1965. Aliongoza akina mama wa Dorkasi, kikundi cha kanisa cha kusaidia wahitaji, kwa miaka tisa, na hakuna mgonjwa wa jirani aliyelala njaa Bathsheba akiwa na ndizi shambani.

Kuanzia hapa siwezi kujiita "ndugu yake" kana kwamba ni mtu mwingine. Ni mimi.

Mei 1974 polisi walimsimamisha Nyamweya, dereva wa lori la majani chai ambalo kanisa letu hulikodi kwa safari, huko Suneka. Lori lilikuwa likiyumba, naye macho mekundu, na misokoto ya bangi iko chini ya kiti. Alishtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa bangi, kosa ambalo lingemtia jela na kumnyang'anya leseni. Nilisimama mahakamani Kisii, nikashika Biblia, nikaapa kwamba misokoto si yake, na kwamba kila safari ya kanisa mimi humnusa mdomo na sijakuta pombe. Hilo la mdomo lilikuwa kweli. Kanisani kwetu dereva hupimwa hivyo: asiponuka chang'aa, tunamhesabu mtakatifu. La misokoto niliapa bila kujua, tena bila kutaka kujua. Kijana akaachiliwa na leseni yake mfukoni.

Bathsheba alinifuata nyumbani. "Manasseh, wewe unanusa mdomo tu. Hiyo macho ulishaangalia?" Nikamjibu kwamba mambo ya mahakama si ya wanawake.

Jumatano tarehe 13 mwezi huu tuliwasafirisha waumini kwenda makambi, mkutano wa kanisa wa kila mwaka, kwa lori lilelile. Asubuhi nilimnusa Nyamweya, nikatangaza, "Safi, pandeni." Bathsheba alisita, akanitazama, kisha akapanda kwa kuwa nimesema mimi. Kwenye mteremko karibu na Kiogoro akina mama waligonga bodi wakipiga kelele apunguze mwendo. Nyamweya akacheka: "Mnaogopa nini, mama? Barabara naiona pana." Alipofika kwenye kona hakukata hata kidogo. Lori likapinduka kwenye migomba, na dada yangu akabanwa kifua.

Alilala hospitalini siku tatu bila kusema neno. Nilikaa kando ya kitanda nikingoja anigombeze, yeye ambaye hakuwahi kuninyamazia maishani. Alifariki Sabato asubuhi, tarehe 16.

Juzi wazee wa ukoo wa Nyamweya walikuja kwangu na kondoo. "Mzee, aliyekufa hatarudi," wakasema. "Kijana yuko rumande. Utusemee tena kama ile siku." Wako hapa leo, nimewaona, na kondoo wao nimewarudishia. Waovu si wao. Walirudi mahali walipopata msaada mara ya kwanza, na aliyewazoesha ni mimi.

Marehemu ameacha mume, Makori, watoto Bosibori, Mogire, Drusilla, na Nyaboke wa miaka mitatu, anayemuuliza kila mgeni kama amekuja na mama; pia wajukuu wawili, mama yetu Kwamboka, na mimi.

Kesi inasikizwa Jumatatu, tarehe 8 Septemba. Nitaeleza habari za lori, kisha nitaeleza kiapo changu cha mwaka jana. Hakimu akiona nami nastahili kufungwa, shemeji Makori ataniangalizia ng'ombe.

Bathsheba apumzike. Mimi bado.