Mwalimu Yuditha na Alama za Hellen

Tarehe 30 Juni Mwalimu Yuditha Mmari anakabidhi chaki, baada ya miaka thelathini na nne ya kufundisha hesabu: minane Mabogini, iliyobaki hapa kwetu Njoro. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Fabian Temba, kazi ya kuandika habari zake kwa kuwa tumekaa meza moja ofisini miaka kumi na sita. Kama wamechagua vizuri, mtaamua wenyewe.

Kule Mabogini, msimu wa kupandikiza mpunga, darasa lilibaki na watoto saba. Hakupoteza muda kulalamika. Aliwafuata wengine majarubani, akawafundisha kuzidisha kwa mistari ya miche. Mkaguzi alimkuta kakunja sketi, matope hadi magotini. Ripoti ilimsifu, viatu havikupona.

Hapa Njoro wanafunzi walimwita Mama Njia, maana jibu lisiloonyesha njia kwake halikuwa jibu. Alikuwa mkali, tusidanganyane. Hata sisi walimu tulimwogopa akishika kalamu nyekundu.

Miaka sita iliyopita alikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne, Hellen, aliyesumbuliwa na hesabu, hasa kugawanya. Mwalimu alibaki naye baada ya vipindi muhula mzima, na mtoto bado alipata tano, sita katika hamsini. Kisha, baada ya likizo fupi, Hellen akapata arobaini na sita. Karatasi nzima haikuwa na njia hata moja. Mimi ndiye niliyesimamia jaribio lile, na mimi ndiye niliyesema huyu kaangalizia. Mwalimu akapiga mkasi wa kalamu nyekundu karatasi yote, sifuri. Kesho yake Hellen hakuja shule. Wiki mbili zikapita, na mtihani wa taifa ulibakiza wiki tano. Asiyeufanya angerudia darasa.

Mwalimu akapanda mlimani Uru, kwa bibi yake Hellen, ambako mtoto alikuwa amekimbilia. Alimkuta anagawa maziwa ya jioni: lita kumi na tatu na nusu, nyumba tisa. Hellen alimimina lita moja moja kwa kila nyumba, akachungulia kilichobaki, akaongeza nusu nusu, ndoo ikaisha. Ndiyo kazi aliyoianza likizo ile, alipokaa kwa bibi. Mwalimu akamuuliza hesabu tatu nyingine kwa mdomo, akazipata zote. Mwalimu akaaga, akateremka.

Asubuhi alirudi na jani la isale. Wachagga tunajua: ukimkosea mtu kweli unampelekea isale, na akilipokea ugomvi umekwisha. Lakini mtu mzima kumpelekea mtoto wa miaka kumi? Bibi alishika mdomo. Mwalimu alimkabidhi Hellen lile jani kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, mwanangu. Hukuangalizia."

Hellen alilipokea, akafikiri kidogo.

"Asante, mwalimu. Sasa naomba alama zangu."

Alizipata, zikasomwa mbele ya darasa zima. Wiki zilizobaki walizitumia kuandika hatua za kugawa maziwa kwenye karatasi, maana msahihishaji wa taifa hana ndoo. Hellen alifaulu kwa C, bila mbwembwe, akaingia darasa la tano na wenzake. Leo yuko kidato cha tatu, anakaa kwa bibi Uru.

Haya ya Uru nilisimuliwa na bibi, nilipokutana naye sokoni Pasua. Mwalimu mwenyewe hakuniambia kitu. Kwa bibi, kwa mtoto na mbele ya darasa alisema kosa ni lake. Jina langu hakulitaja popote, nami nikanyamaza miaka sita, naona aibu kusema.

Mwalimu Yuditha, nisamehe, na asante. Umetufundisha kumuuliza mtoto amepataje kabla ya kumpigia mkasi. Kapumzike kihambani kwako, kahawa izae, ng'ombe wakujaze ndoo, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya. Mimi Jumamosi napanda Uru. Hellen bado hajasikia neno kutoka kwangu.