Vishikio vya Jeneza la Kinyozi

Kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Kinyozi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa mtoto wa kwanza. Sisi wadogo zake watatu tulijifunza kutembea tukiwa tumeshika kidole chake.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akamaliza darasa la saba mwaka 1974. Hesabu haikumpenda, naye hakuilazimisha. Lakini njiani palikuwa na banda la mhunzi mzee, na kila siku alisimama hapo akitazama mpaka mama amfuate na kandambili mkononi.

Mwaka 1980 alianza kazi ya kunyoa, na mwaka 1989 akafungua kibanda chake. Kunyoa kulimlisha, ila raha yake ilikuwa chuma. Nyuma ya kibanda aliweka tanuri dogo la mkaa, na kipande cha reli cha kufulia chuma. Vijana waliokuwa wakingoja zamu ya kunyolewa walisikia nyundo, wakaenda kuchungulia, na wengine hawakurudi kwenye kiti. Mama mmoja alikuja juu:

"Kinyozi! Nimemleta mwanangu apunguzwe nywele, umenirudishia nywele zote na masizi juu yake!"

"Nywele zitangoja mpaka kesho, shemeji," akasema. "Hamu haingoji."

Kila Jumamosi mchana uwanja ule wa nyuma ulijaa vijana, wa kike na wa kiume. Watu walipomuuliza kama anafungua chuo, alisema, "Sitafuti mafundi. Nataka kijana arudi kwao jioni na kitu alichokitengeneza mwenyewe, aone kwamba mikono yake inaweza." Kazi ya kwanza ilikuwa kulabu. Ukimaliza, unaitundika kwenye boriti na kuning'inia wewe mwenyewe. "Kisichokubeba wewe, usimpe mwenzio," alisema. Kijana mmoja mnene, tuliyemwita Gunia, alianguka nayo mara tatu. Wenzake wakapiga kelele, "Kulabu imeomba radhi!" Kaka akacheka nao, kisha akampashia chuma moto upya.

Alifunga ndoa tarehe 3 Septemba 1988 na mshonaji wa jirani. Zawadi ya kwanza aliyompa mkewe ilikuwa kastabini ya shaba. Shemeji akaitazama, akauliza, "Hii ni ya kidole au ya kunywea chai?" Akaijaza kitambaa ndani, akaivaa. Anashonea hiyo hiyo mpaka leo.

Februari 2022 kiharusi kiliuchukua mkono wa kulia wa kaka. Vijana wakahamishia kiti cha kunyolea uwanja wa nyuma, akawa anafundisha kwa mdomo: "Samaki mkunje angali mbichi, chuma kikunje kingali chekundu! Piga!" Mwezi uliopita alituita sisi ndugu zake. Akasema, "Msininunulie jeneza la kung'aa. Mbao za kawaida, na vishikio watengeneze vijana." Tukasema, "Sawa, kaka." Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Karatasi hizi za wasifu wake zilikuwa zichapwe jana mchana. Tumezichelewesha, maana kuna jambo ambalo si haki kulificha mbele yake.

Tulipokaa kupanga mazishi tuliulizana, watu watatuonaje, mkubwa wetu abebwe kwa vyuma vya watoto? Tukanunua jeneza la kung'aa, na vijana hatukuwaambia kitu. Jana, tukilipandisha garini likiwa tupu, kishikio kilibaki mkononi mwangu. Kilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Watu waliona. Mjane akasema tu, "Nendeni uwanja wa nyuma."

Tulikwenda macho chini. Juu ya ile reli vilikuwa vimepangwa vishikio sita vya chuma, vimepigwa tupa mpaka haviumizi kiganja. Binti mmoja kati ya wale vijana, anayesomea ualimu, alitusalimia, akasema, "Alituagiza na sisi pia, baba mdogo, tukaanza juzi. Tulikuwa tunangoja mtuite." Hakutulaumu. Afadhali angetulaumu. Gunia, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, alivitundika kwenye boriti, akaning'inia kimoja baada ya kingine. Safari hii hakuna aliyecheka. Vyote vilimbeba.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne, wadogo zake watatu, na vijana wa Jumamosi, ambao mara ya kwanza tulipoandika orodha hii tuliwasahau.

Jeneza lake leo ni la mbao za kawaida, na vishikio ni vile sita vya vijana. Tunawaomba vijana hao ndio walibebe. Sisi ndugu zake tutatembea nyuma.

Mungu amjalie pumziko jema, na kaka atusamehe.