Mwalimu Shaka Anashuka Garini

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mkufunzi wetu mkuu wa udereva anastaafu baada ya miaka thelathini na moja kwenye kiti cha pembeni mwa dereva. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini sisi na wanafunzi wake wote tunamwita Mwalimu Shaka, na anaitika.

Alianza wakati shule ina gari moja bovu na uwanja wa vumbi, na badala ya koni tulipanga ndoo kuukuu za rangi. Mikononi mwake wamepita madereva wa malori, wauguzi, na hata yule askari wa usalama barabarani wa pale kwenye mzunguko, ambaye mpaka leo akimwona huliweka sawa shati lake.

Mwalimu Shaka haamini kitu. Taa ya kijani huitazama kama mtu aliyewahi kudanganywa nayo. Humshuku mwenye baiskeli, humshuku mbuzi, huushuku mlango wa gari lililoegeshwa. Chai ya ofisini pia huinusa kwanza, na anayeipika ni mimi, karani wa mapokezi. Kwa hiyo ieleweke kwamba sifa hizi nazitoa kwa moyo mkunjufu.

Somo lake kubwa ni kushuku kwa sauti. Mwanafunzi huendesha huku akitaja kila anachokitilia shaka: namshuku yule mama mwenye mwavuli, nalishuku lile basi, litachomoka bila taarifa. Ukinyamaza, anakuuliza kama umelala. Watu wa magari ya jirani walidhani tunafundisha kusengenya. Vijana walicheka sana, lakini simu zilibaki mfukoni, maana mdomo na macho vyote vilikuwa kazini.

Mwezi huu zamu ya kushukiwa ikawa yake. Binti wa dada yangu, mwanafunzi wake, alipata kazi ya kuendesha gari la watoto wa chekechea, kwa sharti moja: alete cheti chetu, chenye sahihi ya mkufunzi wake, kabla shule hazijafunguliwa. Dada yangu ni mjane, na nyumba nzima ilikuwa imeiegemea kazi hiyo. Binti mwenyewe alijua kushuku kwa sauti kuliko wenzake wote, anatiririka tu. Hata hivyo Mwalimu Shaka alikataa kusaini. Tulipomuuliza sababu, alisema bado, basi.

Ndipo nasi tukaanza kumshuku. Fundi wetu wa gereji alisema mzee anaona wivu kuondoka. Mhasibu alisema macho yamekwisha. Mimi nilisema makubwa zaidi, na hayafai kuandikwa kwenye karatasi ya sherehe. Mwishowe nikajipenyeza kiti cha nyuma cha gari la mafunzo, nimkamate mwenyewe.

Tulipoingia barabara ya sokoni, binti akaanza: namshuku mwenye baiskeli, naushuku mlango wa gari lililoegeshwa. Nikachungulia. Baiskeli hakuna. Gari lililoegeshwa hakuna. Kumbe binti alikuwa ameyakariri maneno hayo nyumbani kama kasuku, na aliyamwaga barabara yoyote aliyopita, macho yametulia kwenye boneti. Nilinywea kule nyuma, jamani. Mwalimu Shaka hakumkaripia.

"Mwanangu," alimwambia, "sasa nyamaza. Tazama tu."

Huyo ni mtu aliyewakataza vijana kunyamaza maisha yake yote ya kazi. Tukazunguka kimya siku kadhaa, nami kiti cha nyuma sikukiachia, kwa sababu bado nilikuwa na wasiwasi wangu.

Juzi tulipita mbele ya ghala ambako lori lilikuwa limesimama likishusha magunia. Barabara ilikuwa tupu. Ghafla binti akakanyaga breki, paji langu likagonga kiti cha mbele, na nikafungua mdomo nimkemee. Hapo akatokea mtoto mdogo, wa umri wa kushikwa mkono, nyuma ya lile lori. Binti alikuwa ameviona vijiguu vyake kwa chini, katikati ya magurudumu. Mtoto akavuka taratibu mbele yetu, akaenda zake bila hata kugeuka.

Nina leseni tangu binti huyo hajazaliwa, na sikumwona. Mwalimu Shaka alimwona, lakini breki ya upande wake hakuigusa; alimwachia dereva. Akaomba kalamu, akasaini cheti palepale juu ya dashibodi.

Mwalimu, tunakuombea afya, usingizi mzito na wajukuu wasikivu. Shukrani za shule atazisoma mkurugenzi. Mimi nimekuja na za yule mtoto: hakujui, wala hatakujua, lakini siku ile alifika kwao.