Sista Namalwa Aliyedai Neno Zima

Wasomaji watuwie radhi. Jarida hili limenyamaza tangu Pasaka, na kimya hicho kimezaa uvumi kwamba Sista Phylis Namalwa amefukuzwa. Hakufukuzwa. Anastaafu tarehe 30 Juni 2009, baada ya miaka kumi na tisa katika wodi ya uzazi ya kituo chetu hapa Noonkopir.

Alitoka Bungoma mwaka wa 1990, na tangu siku ya kwanza hakumwamini mtu yeyote aliyesema "tumbo". "Tumbo gani, mama? Ya chakula ama ya mtoto?" (Nanukuu kama ilivyosemwa, ngeli si zangu.) Wengi walinung'unika kwamba ana maswali ya polisi. Hata daktari aliyeandika "sehemu za siri" alirudishiwa karatasi yake: uke si siri kwa anayeutibu.

Shaka hiyo ilihitajika sana mwaka wa 2002. Nashipae, mke wa Ledama, alikuwa amepoteza mimba mbili, zote katika mwezi wa tano wa ujauzito. Daktari alieleza kwamba mlango wa kizazi, yaani shingo ya mfuko wa uzazi, ulikuwa ukifunguka mapema. Alipendekeza ufungwe kwa uzi hadi mwezi wa tisa. Ledama alipofika nyumbani alifupisha habari, na neno "mlango" likadondoka njiani. Mama yake, Seleyian, akasikia kwamba mke wa mwanawe anafungwa kizazi, asizae tena maishani.

Siku ya upasuaji Seleyian aliketi penye mlango wa wodi, fimbo mapajani.

"Mlikuja kutoka mbali mkanunua mashamba yetu. Sasa mnataka kufunga hata watoto? Huyu msichana hapiti!"

Nashipae alikuwa akilia. Mimba ilikuwa ya mwezi wa nne, na mwezi wa tano haukuwa mbali.

Sista alimshuku kwanza Ledama, aliyesimama kando ya mkewe. "Hebu rudia vile daktari alisema. Yote." Ledama akakwama palepale alipotarajiwa kukwama, na Sista akamrudishia neno alilolimeza. Kisha akaomba mfuko wa ugoro uliokuwa shingoni mwa Seleyian. Akaulegeza kamba, akauinamisha. Ugoro ukamwagika sakafuni. Akaikaza kamba, akaupindua mfuko wote. Haukutoka hata unga.

"Kumbe ni mdomo tu mnafunga," Seleyian alisema polepole. "Na nani atafungua?"

"Mimi, yeyo," Sista alijibu, akimwita mama kwa Kimaasai. "Mwezi wa tisa, na wewe ukiwa hapo."

"Nitahesabu. Na ugoro yangu utalipa!"

Akaondoa fimbo. Alihesabu kweli, mwezi wa tisa alifika kabla ya Nashipae kukumbushwa. Uzi ulitolewa, na Parmuat akazaliwa akipiga kelele. Leo yuko darasa la kwanza.

Juma lililopita Seleyian alikuja kumsihi Sista asirudi Bungoma.

"Nitakupa nyumba hapa."

Sista, aliyezoea kusikia mfuko wa uzazi ukiitwa "nyumba ya mtoto", alimtazama kwa jicho lilelile la shaka. "Nyumba gani, yeyo? Ya mtoto? Sema jina lote."

"Ya mabati! Na mlango yake mimi sifungi."

Wodi nzima ilicheka.

Tunakushukuru, Sista, na popote utakapokaa tunakuombea afya na usingizi usiokatizwa na uchungu wa mtu mwingine. Ninyi wasomaji, mtaani mtaambiwa kwamba amekwisha kuikubali nyumba hiyo. Msiamini. Akiamua nitawaandikia mimi mwenyewe, bila kuacha neno.