Sajini Yeremia na Shikamoo Isiyoitikiwa

Leo, tarehe 30 Juni 1984, Sajini Yeremia Chilongola anavua gwanda baada ya miaka ishirini na nne ya utumishi. Aliyeombwa kuandika risala hii ya kumuaga ni Koplo Urbanus, yaani mimi, maana hapa Kilosa hakuna aliyekaa naye kunishinda. Shule yangu iliishia darasa la pili, lakini kwa gwaride na kwa kumbukumbu hakuna kijana wa kunishika. Atakayekuta herufi imekaa vibaya ainyamazie.

Yeremia ni mtu wa vilima vya juu ya Berega. Baba alifariki mapema, wamisheni wakamchukua angali mdogo, akalelewa bwenini, na wote walijua atakuwa dresa, mfunga vidonda hospitalini. Mwaka 1960 mama yake, Mama Magreti, aliibiwa mbuzi. Akateremka kituoni kushtaki. Askari wa zamu, kijana wa rika la mwanawe, hakumwamkia. Alimwacha juani akimwita kikongwe. Yeremia alipopata habari aliutupa udresa, akaja kuandikishwa upolisi. Alisema serikali yetu wenyewe inakuja, na yeye atakuwa askari anayewaamkia mama za watu.

Na aliwaamkia kweli, mpaka tukamcheka. Kidodi tulimkamata mzee mmoja anayeiba miwa kwenye lori za watu. Sajini akasimama wima: "Shikamoo mzee, naomba mikono." Mzee akajibu, "Marahaba mwanangu," akainyoosha mwenyewe ipigwe pingu. Kule Mikumi tulifuata majangili wa nyati. Nyayo niliziona mimi kwanza, hilo lijulikane. Lakini mkubwa wao aliweka bunduki chini kwa salamu ya Yeremia, na mimi nilikuwa nimeshalenga.

Halafu ikaja 1974, watu kuhamia vijijini. Amri ilipofika ya kuwateremsha watu wa vilimani, Sajini aliomba apangwe yeye kwenda kwa mama yake, asije mwingine akamvunjia heshima. Nilikuwepo, nimesimama juu ya lori. Alimwamkia, mama akaitikia. Kisha Yeremia akaingia jikoni, akang'oa mafiga yote matatu, akayafunga kwenye gunia na kuyaweka mbele kwa dereva, ili mama apike siku hiyo hiyo huko aendako. Aliona ni wema. Bwenini hawakumfundisha mila za kwao: mafiga ya mwanamke hung'olewa na wanawe siku wanapomzika.

Mama Magreti alipanda lori mwenyewe, hakushikwa mkono. Tulipofika bondeni Yeremia akamwamkia tena. Akamjibu: "Umeshanizika. Maiti haitikii."

Miaka kumi sasa. Kila likizo Sajini huenda, huvua kofia mlangoni, huamkia. Uji mama anampa, maji ya kuoga anampa, marahaba hampi. Mchungaji alikwenda kusuluhisha, akashindwa. Nikaenda mimi na maneno yangu yanayosifika wilaya nzima, nikarudi nayo yote kama nilivyoyabeba. Siku moja Yeremia aliyabeba mafiga akayarudisha kule juu. Alikuta kuta zimeanguka, nyasi zimeota jikoni, akayaweka hapo hapo. Mama alipoambiwa alisema hata kaburi huwekewa mawe.

Nyumba ya kituo inampasa kuiachia, na pengine pa kwenda hana. Juzi nilimsindikiza na sanduku lake. "Shikamoo mama." Mama Magreti alikuwa anachambua maharage. Alimwonyesha kwa kidole pa kuweka sanduku, akaendelea kuchambua.  

Vijana mlioandikishwa mwaka huu mmeniuliza kama kazi hii inafaa kuichagua. Kwa mambo mengine yote jibu ninalo, tena refu. Kwa hili ni fupi: Namjua mtu mmoja aliyeichagua kwa ajili ya heshima ya mama yake.

Sajini, asante kwa kila mzee uliyemwamkia kwa niaba yetu sisi tuliosahau. Pokea redio hii na blanketi kutoka kwa wenzako. Maisha yako huko bondeni yawe marefu, na ya Mama Magreti yawe marefu kuliko yako, maana kesho asubuhi utasimama tena pale mlangoni, kofia ya kuvua huna, na utamwamkia.