Wifi Anataka Yote Mawili

Msusi alijifanya amelala, maana maneno ya wale wanawake wawili aliokaa nao kiti kimoja cha basi yalikuwa matamu kuliko usingizi. Mmoja alikuwa na saratani ya titi. Wa pili, wifi yake, alikuwa na ushauri.

"Daktari kanipa njia mbili," alisema mgonjwa. "Atoe uvimbe tu halafu nichomwe mionzi, au aondoe titi zima." Wifi hakungoja. "Mwambie aondoe yote mawili, uishi kwa amani." "Kwani wewe ulipoumwa jino uling'oa mdomo mzima?" mgonjwa akamuuliza.

Kicheko kikamtoka msusi puani.

Wifi akashusha sauti. "Naogopa usije ukatuacha." "Daktari amesema tumewahi, na wengi wa hali yangu wanapona, kwa njia yoyote kati ya hizo." "Basi tumuulize huyu dada," wifi alisema akimtazama msusi. "Si amelala?" "Amelala gani, anacheka?"

Msusi akazidi kufumba macho. Basi likasimama kituo cha hospitali, wifi akashuka huku bado anabisha. Mgonjwa akamwinamia msusi.

"Mdogo wangu, shuka na sisi," alisema taratibu. "Tangu nitaje uvimbe, hujautoa huo mkono kifuani."